Sabato yangu naitunza, na siku ya dada wa nyumbani je?

Mama Pacha, Umoja:

Bwana asifiwe wapendwa. Naomba mnisaidie, kuna jambo linanikosesha usingizi tangu Jumapili iliyopita.

Mimi ni Mwadventista wa kuzaliwa. Nyanya yangu alibatizwa Kisii akiwa msichana, na kwetu jua la Ijumaa likianza kuinama hata jembe lilikuwa linawekwa chini. Hapa Nairobi nimeng'ang'ana niishi vivyo hivyo. Natoka kazini Industrial Area saa kumi, nikishapambana na Jogoo Road naingia nyumbani saa kumi na moja na nusu, na jua la hapa halibadiliki sana mwaka mzima: saa kumi na mbili na nusu hivi linazama. Kwa hiyo nina saa moja. Maharagwe yawe yameiva, managu yawe tayari, chapati ziwe kwenye hotpoti, viatu vya watoto vimepigwa rangi, nguo za kanisa zimepigwa pasi. Halafu tunaketi sebuleni, tunaimba, baba watoto anasoma fungu, tunafungua Sabato.

Zile chapati sipiki mimi. Anapika dada. Tukiimba wimbo wa pili yeye huwa bado jikoni anaosha karai la unga, na akimaliza anakuja kusimama mlangoni na pacha mmoja mgongoni. Jumamosi tunaenda naye kanisani, lakini anakaa nje chini ya mti na hao pacha wangu wa mwaka na nusu, na mahubiri anayasikia kwa spika, vipande vipande. Yeye si wa kanisa letu, ni Mkatoliki kutoka upande wa Kakamega. Hajawahi kulalamika.

Jumapili sasa. Kwa kuwa Sabato hatufui, nguo zote za wiki zinangoja Jumapili. Tena mtaani kwetu maji ya mfereji hufunguliwa alfajiri ya Jumapili, yakipita saa nne yamekatika. Hivyo dada huamka saa kumi na moja kujaza mapipa, kisha anafua mpaka saa nane. Misa ya parokia iliyo karibu ni saa tatu.

Jumapili iliyopita aliniuliza, "Mama, naweza kwenda misa leo?" Nikamjibu bila hata kugeuka: "Na nguo je?" Akasema sawa mama, akachukua karai.

Jioni nikawa natafuta kwenye kalenda ya jikoni, ile tuliyopewa na bucha, tarehe tuliyonunua gesi. Kuna misalaba midogo ya kalamu nilikuwa nadhani ndiyo alama za gesi. Nikakuta iko miwili tu kalenda nzima, na yote imewekwa Jumapili. Mmoja ni wa Pasaka. Mwingine ni siku ambayo sisi tulikuwa tumesafiri mazishi nyumbani. Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, nikabaki hapo.

Jambo linalonichoma ni hili. Mwaka 2019 kule nilikokuwa nafanya kazi waliniweka zamu ya Jumamosi. Nilikataa. Nilipeleka barua ya kanisa, nikapeleka nakala ya kifungu cha 32 cha Katiba, pale panapotaja hata haki ya kuadhimisha siku ya ibada. Nilipoteza pesa za ovataimu, nikasemwa, lakini sikukubali. Kanisani nikatoa ushuhuda, watu wakasema amina.

Amri ya Sabato ninaijua kwa moyo tangu nikiwa darasa la watoto: usifanye kazi yoyote, "wewe, wala mwana wako, wala binti yako, wala mtumwa wako, wala mjakazi wako", mpaka "mgeni aliye ndani ya malango yako". Naomba mniambie ukweli. Amri hiyo inanidai nini kwa huyu binti, ambaye si wa imani yangu, na siku anayoitukuza si siku yangu?

Mzee wa Kayole:

Mama Pacha, Mungu akubariki kwa kuuliza. Mimi ni mzee wa kanisa, la Kiadventista pia, kwa hiyo naongea na wa nyumbani.

Tazama amri inaongea na nani. Inaongea na mwenye malango. Mtoto hana uwezo wa kujipa siku, mtumishi hana, ng'ombe hana, mgeni hana. Wote hao wanapumzika wewe ukitaka. Sisi tumezoea kuisoma kama amri ya kujizuia sisi wenyewe, lakini sehemu kubwa ya orodha ile ni watu walio chini ya mkono wa mtu mwingine. Tena Kutoka 23:12 inakwenda mbali zaidi: inamtaja mwana wa mjakazi, na punda.

Ukienda Kumbukumbu la Torati sura ya 5, Musa anairudia amri hiyohiyo, ila sababu iliyotolewa kule Sinai, ya uumbaji, hapa haitaji. Anasema kumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Sasa nakuomba usome Kutoka sura ya 5. Musa na Haruni walimwendea Farao wakiwaombea watu ruhusa ya kwenda kumfanyia Mungu wao sikukuu. Akawajibu nini? Kwamba ni wavivu. Na matofali je? Akaondoa hata majani waliyokuwa wakipewa, hesabu ya matofali ikabaki ileile.

Sikuambii haya kukuumiza. Nimeyasoma mara nyingi mimbarani na sijawahi kujiuliza nani anaosha vyombo nyumbani kwangu.

Ushauri wangu ni kwamba Sabato mbadilishane kuwabeba pacha, yeye aingie ndani akae kwenye benchi kama mgeni wa heshima. Huenda Bwana akamgusa.

Aliyekuwa Dada:

Mzee shikamoo, lakini hapo mwisho sikubaliani nawe.

Nimefanya kazi za nyumba miaka saba, South B kisha Kileleshwa. Nilipelekwa makanisa matatu tofauti, kila tajiri na lake. Ukikalishwa kwenye benchi la kanisa la mama wa nyumba bado uko kazini. Unaangalia mtoto kapanda wapi, unaangalia mama anakuangalia vipi. Huyo binti ana kanisa lake. Ameuliza misa. Hakuuliza benchi.

Mama Pacha, kitu kimoja watu hawaelewi kuhusu kulala kwa mwajiri: ukiwa ndani ya ile nyumba hakuna kupumzika. Unaweza kuambiwa leo pumzika, ukalala kitandani saa nane mchana, mtoto akilia unasimama kabla hujajua umesimama. Wageni wakibisha unawasha jiko. Kupumzika ni kutoka nje ya geti ukiwa na nauli mkononi, na hakuna atakayekupigia simu kuuliza chumvi iko wapi. Nilikuwa na tajiri mmoja aliyenipa hivyo. Jumapili saa mbili asubuhi mpaka jioni, na simu yake alikuwa anaizima kwa sababu yangu. Nilikuwa naenda kanisani, halafu naenda kukaa tu Uhuru Park naangalia mashua. Nilirudi kwake Jumatatu nikiwa na nguvu za kufua mapazia bila kuambiwa.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 27, inasema mfanyakazi apate angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Na sisi wa nyumbani tumo. Kwa hiyo ofu si zawadi unayompa akiwa mzuri.

Mwanglikana wa Buruburu:

Sitaingia kwenye mabishano ya Jumamosi na Jumapili, uzi huu ni mzuri mno kuharibiwa nayo. Sisi tunakutana siku ya kwanza kwa ajili ya ufufuo, ninyi mnashika ya saba kama ilivyoandikwa, na Paulo katika Warumi 14 anawaambia wanaohesabu siku na wasiohesabu wasihukumiane.

Nataka tu kuongeza jambo la historia, maana hata sisi wa Jumapili tuna deni hilohilo. Mwaka 321 Kaizari Konstantino alitoa amri kwamba siku ya jua mahakimu, watu wa mijini na mafundi wapumzike. Lakini waliokuwa mashambani aliwaruhusu waendelee na kazi zao, mbegu na mizabibu visije vikapitwa na wakati wake. Tangu mwanzo kumekuwa na mtu ambaye kazi yake haiwezi kungoja. Kwenu ni maji ya saa kumi na moja. Kwangu mimi ni kijana wa lango, ambaye Jumapili ananifungulia nikienda kanisani na kunifungulia nikirudi, na kabla ya leo sikuwa nimewaza anaabudu lini.

Nesi wa Usiku:

Mama Pacha usijilaumu kwa pacha kulishwa na kubadilishwa nepi siku ya Sabato. Mimi ni Mwadventista na Ijumaa usiku mara nyingi niko wodini. Yesu katika Luka 13 aliwauliza wale waliokasirika: nani asiyemfungua ng'ombe wake siku ya Sabato ampeleke kunywa maji? Kisha akamtaja yule mama aliyepinda mgongo miaka kumi na minane, akasema naye alistahili kufunguliwa, na siku hiyohiyo.

Kulisha mtoto si kosa. Uliza tu ni mikono ya nani, kila wiki.

Mama Pacha, Umoja:

Nimesoma yote. Mzee, ile sura ya Farao niliisoma Jumatano kwenye matatu, nikapitisha stegi yangu.

Nilianza na baba watoto. Mwanzoni hakupenda. Alisema tunamlipa vizuri, na akasema pia, kweli, kwamba maji hayatangoja imani ya mtu. Nikamwonyesha kalenda. Alihesabu Jumapili kwa kidole, mwezi hadi mwezi, hakusema neno. Ijumaa baada ya ibada yeye ndiye aliyemwita dada sebuleni na kumwambia Jumapili ni yake, kuanzia asubuhi, na nauli iko mezani. Dada alituangalia kama mtu anayefukuzwa kazi. Akauliza, "Nimekosa nini?" Ilibidi nimweleze mara tatu, na mara ya tatu nikamwomba msamaha.

Jumapili saa kumi na moja tulikuwa mferejini sisi wawili, mimi na baba watoto. Sikujua mapipa yetu yanachukua mitungi kumi na sita. Tulipanda juu ya paa kufua, na blanketi la watoto tulilikamua yeye ameshika upande wake, mimi wangu, tukizungusha mpaka mikono ikatetemeka. Kufikia saa tano ngozi ya vidole vyangu ilikuwa imechubuka na sabuni, na sare za shule zilikuwa bado kwenye karai.

Saa mbili na nusu dada alikuwa ametoka na gauni la samawati ambalo sijawahi kuliona. Mwezi wa nane sasa anaishi kwangu, na gauni hilo lilikuwa limekunjwa kwenye begi chini ya kitanda. Alirudi jioni. Sikumuuliza alikokwenda.

Aliyekuwa Dada, asante sana. Nilimwambia dada simu yake aizime, akasema ataizima wiki ijayo.

Mzee, limebaki la Ijumaa jioni, na hilo bado linanishinda. Saa moja haitoshi mtu mmoja kupika na kupiga pasi. Nawaza Ijumaa tule mkate na maziwa, chapati nizipike mimi Alhamisi usiku. Mama mkwe akija atashangaa, lakini mana ya jangwani nayo iliokwa siku moja kabla ya Sabato.

Sabato hii pacha mmoja atabebwa na baba, mwingine mimi. Dada amesema haji kanisani, atalala mpaka saa tatu. Nimemwambia alale, na mlango wa chumba chake nitaufunga mimi.