Ukuta wa zege, gabioni au mawe makubwa? Barabara yetu ya ufukweni inaliwa

Mwanapwani: Wakuu, naomba ushauri. Maji ya bamvua juzi yameondoka na mnazi pamoja na ukingo wa barabara. Kamati inakaa Jumamosi kuchagua: ukuta wa zege, gabioni (vile vikapu vya waya vinavyojazwa mawe) au mawe makubwa. Fedha ni za michango, hazipatikani mara ya pili. Kipi kinadumu?

FundiMawe: Mita ngapi? Chini kuna mchanga au mwamba? Bila hayo tunabahatisha, mkuu.

KusiKaskazi: Zege. Nenda Barack Obama Drive pale Dar, ukuta ulikamilika 2018 na barabara ipo.

FundiMawe: Ule umesanifiwa na wahandisi. Ukuta wima juu ya mchanga mtupu, wimbi linaupiga, linashuka, linachimba msingi. Mimi nasema mawe makubwa: yanavunja nguvu ya wimbi, na likihama moja mnalirudisha.

MamaDagaa: Gabioni msiguse, nawaomba. Tuliweka mbele ya banda letu la samaki, mawe tukayapanga kwa mikono, waya unang'aa. Kusi ya pili tu, chumvi ilishakula waya kwa chini, pale maji yanapopanda na kushuka kila siku. Asubuhi moja nikakuta kikapu cha katikati kimepasuka, mawe yamezagaa, na mchanga wa nyuma umenyonywa wote kwa sababu hatukutandika kitambaa cha kuchujia. Vijana wakivuta ngalawa walichanwa miguu na zile nyaya. Tuliking'oa wenyewe kipande kwa kipande.

Mkokoni: Pandeni mikoko.

MamaDagaa: Kwenye mchanga wa mawimbi makali haishiki, ndugu yangu. Mikoko inataka tope na maji yaliyotulia.

KusiKaskazi: Na wachimba mchanga mitoni je? Ufukwe unalishwa na mito. Kumbukeni Kunduchi, hoteli ya Africana ilivyomalizwa na bahari.

Mwanapwani: Samahani, nilisahau: ni mita 120 hivi. Ukichimba mita moja unakuta mwamba wa matumbawe.

FundiMawe: Hilo ungelisema mwanzo! Zege sasa lina pa kushika, ila liwe na matundu ya kutoa maji ya nyuma. NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, mmeshaonana nao? Na ncha za ukuta zinaishia wapi? Maji huzunguka pale yakala kwa jirani.

Mwanapwani: Kusini unaishia kwenye shamba la minazi la mzee mmoja. Hatujazungumza naye.

MamaDagaa: Mwendeeni kabla ya Jumamosi.