Ati "mama, labda unapika sana"! Hawa watu wa gesi ya mita watanitoa roho

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Mnawajua hao, sina haja ya kuwataja. Walizunguka Ngamiani nzima hapa Tanga na fulana zao, kila mlango hodi: "Mama, achana na mambo ya kununua mtungi mzima, sisi tunakufungia mtungi wenye mita bure, unalipia unachotumia tu, hata ukiwa na buku unapika." Nikahama. Mtungi wangu wa kilo 15 nikampa mdogo wangu wa Muheza.

Mwanzoni raha tupu. Elfu tatu unapika chai, wali, maharage, na kesho ipo. Mara bei ya kilo ikapandishwa kimyakimya. Si meseji, si simu. Elfu tatu ileile sasa haichemshi hata maji ya mtoto kuoga! Leo asubuhi wakwe wa binti yangu wako barazani, mahamri tayari, mbaazi hazijaiva sawasawa, tui zito linangoja kutiwa. Mita ikasoma sifuri. Moto ukazima hapohapo.

Napiga huduma kwa wateja, kijana wa umri wa mjukuu wangu ananijibu: "Mama, labda unapika sana."

Unapika sana! Mimi! Namuuliza bei imepanda lini, ati mfumo umebadilika. Mfumo gani? Anarudi palepale, nipunguze kupika. Kwani jiko mlinifungia nilitazame? Na simu ilikuwa spika, wakwe wanasikia neno kwa neno! Huko kwao Pangani hadithi ya mwaka mzima ni hiyo, mama mkwe anapika sana. Na gesi yenyewe inashushwa hapahapa bandarini kwetu Tanga!

Ati unapika sana. Naingia nalo kaburini hili.

Baharia wa Deep Sea: Nimewahi siti ya mbele. Wakwe walikula nini sasa?

Mleta uzi: Mahamri na chai ya jirani. Usinichokoze.

Makorora Damu: Mama, sema kweli, sufuria ilikuwa namba ngapi? Isije ikawa lile la shughuli 😂😂

Mleta uzi: Sufuria la watu wanane! Na wewe umetumwa na yule kijana?

Mtu wa Pongwe: Pole mkuu. EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi wanatoa bei kikomo ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Gesi ya mtungi haimo, ndiyo maana wanajipandishia. Peleka malalamiko EWURA CCC, ndio watetezi wetu walaji.

Mleta uzi: Nitakwenda. Lakini aliyesema napika sana naye aje aniombe radhi mbele ya wakwe.

Mpangaji Mikanjuni: Gesi afadhali. Mimi mwenye nyumba wangu kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU yangu, huu umeme wa kulipia kabla, 1,500 kila mwezi, nyumba ni yake! Nikimwambia anipunguzie kwenye kodi ya pango anajifanya hasikii.

Baharia wa Deep Sea: Wewe una mita ya peke yako, shukuru. Sisi tuko wapangaji sita mita moja. Tulikuwa tunalipa 100 kwa uniti, kaja mmoja na friji la kuuza barafu, tukapita uniti 75, tukatupwa kwenye bei kubwa.

Mpangaji Mikanjuni: Mwenye friji anachangia sawa na nyie?

Baharia wa Deep Sea: Sawasawa! Na barafu anatuuzia!

Mtu wa Pongwe: Mfukuzeni huyo.

Makorora Damu: Mimi nimerudi kwenye mkaa, sitaki stori. Nani anajua gunia la Handeni linauzwaje sasa hivi?

Mpangaji Mikanjuni: Gunia la kawaida au la lumbesa?