Namna ya kuwafurahisha skauti wadogo wanapojifunza mafundo

Swali:
Ndugu zangu, ninawalea skauti wa miaka 8 hadi 10 hapa Mafinga, nao huchoka upesi ninapowafundisha fundo la kuunganisha kamba mbili. Nifanyeje?

Jibu la kwanza:
Mwalimu, wape kamba za rangi mbili, waimbe "kulia juu ya kushoto, kushoto juu ya kulia" huku wakifunga, kwani anayerudia upande uleule hupata fundo linaloteleza, na atalitambua mwenyewe akiona ncha zimekaa msalaba badala ya kulala sambamba na kamba.

Jibu la pili:
Hapa Tukuyu tuliwapa mianzi wafunge kichanja cha vyombo. Kilipoyumba, walikifungua wakakaza upya bila kuambiwa. Baridi ya Julai hukakamaza vidole, hivyo tumia kamba nene ya pamba.