Naomba ushauri: oili ipi inaifaa Toyota IST kwenye joto la Dar es Salaam?

Ndugu zangu, habari za leo. Ninaendesha Toyota IST ya mwaka 2004 yenye injini ya 1NZ-FE, ambayo imeshatembea kilomita 186,000 na kila jioni hukaa kwenye foleni ya Mbagala zaidi ya saa moja huku kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Kitabu cha gari kinataja 5W-30, lakini fundi wangu anasisitiza 20W-50, kwa hoja kwamba oili nyepesi kwenye joto letu "inageuka maji".

Ninavyoelewa, namba iliyo kabla ya W huonyesha wepesi wa oili injini ikiwa ya baridi, na ya pili huonyesha uzito wake kwenye nyuzi joto 100. Kwa hiyo ya kwanza hainisumbui sana, maana hapa hatuna asubuhi za barafu. Hofu yangu ni mfumo wa VVT-i (unaorekebisha muda wa kufunguka kwa valvu za injini), unaotegemea presha ya oili inayopita kwenye njia nyembamba. Injini haitoi moshi, ila hupunguza oili takribani nusu lita kila kilomita 3,000.

Je, nihamie 10W-40, au nibaki na 5W-30 na niwe ninaimwaga mapema? Ningeshukuru zaidi kumsikia aliyewahi kutumia zote mbili kwenye injini hii.