Wakuu, suala la kuhalalisha bangi limefikia wapi? Kuna uamuzi nataka kufanya, naombeni ushauri

Mpanda Mlima (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Mimi ni kijana, naishi Arumeru, huku juu kabisa karibu na msitu. Nauliza hasa wale mnaofuatilia mambo ya bunge na nchi za nje: hii habari ya kuhalalisha bangi ipo njiani kweli au ni maneno ya vijiweni? Nasikia Rwanda wameruhusu, Malawi wameruhusu, na wabunge wetu nao wamewahi kulisema mjengoni. Kama ni mwaka huu au ujao ningependa kujua mapema.

Hali ni ngumu wakuu. Msimu uliopita nilichukua mkopo kwa hawa kausha damu, nikanunua miche ya karoti, mbolea na dawa, nikaweka vibarua. Nikafika soko la Kilombero, hapa Arusha, alfajiri. Dalali akapanda juu ya gunia, akalikanyaga kwa miguu mpaka likawa lumbesa lenye kichwa, ndipo akataja bei ya kunifukuza. Nikauza, maana kurudi nazo ni nauli nyingine. Riba inapanda kila wiki. Msinitukane, nishaurini.

Babu wa Bao
Nawahi siti ya dirishani. Mkuu, subiri Profesa Wajackoya achukue nchi pale jirani. Bangi ikikosa soko unawalisha fisi, fisi nao kwenye kampeni alisema wana soko lao.

Mwana wa Maua
Wajackoya aligombea 2022 akisema bangi italipa deni la Kenya, na hata asilimia moja ya kura hakufikisha. Watu walicheka naye, wakapigia wengine. Lakini mimi ni wa Maua, nyumbani kwa miraa, na nitakueleza kitu. Kwetu miraa ni zao halali kabisa. Vuka Namanga na kile kifurushi, unashikwa. Sasa usidhani uhalali ndio pesa. 2014 Uingereza ilipiga marufuku, soko likaanguka. 2020 Somalia ikafunga ndege zetu za miraa hadi 2022. Babangu alikuwa anachuma asubuhi, anafunga na majani ya mgomba isikauke, gari inatoka mbio kama imeiba. Siku hizo gari haikuja. Serikali mbili zikikosana, anayelala njaa ni mkulima.

Mchumi Bila Ajira
Acheni kumkatisha tamaa. Colorado maduka yalifunguliwa Januari 2014, na sehemu ya kodi ya bangi inajenga shule. Canada nchi nzima 2018. Ujerumani 2024. Hapa Afrika, Lesotho walianza kutoa leseni 2017, Malawi wakapitisha sheria 2020 baada ya kuona tumbaku haiwabebi tena. Sisi tunalipa watu wa kufyeka, tunalipa mafuta ya magari ya kuwapeleka kufyeka, tunalisha wafungwa, kisha tunaenda kukopa nje. Hili nililiandika chuoni, nikapata A. Kwa sasa nasambaza mitungi ya gesi kwa bodaboda, anayehitaji tuwasiliane.

Wakili Mtaani
Mleta uzi, swali lako ni la bungeni lakini jasho lako ni la polisi. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 bado ipo, na kulima bangi ni miaka 30 jela. Hiyo ya Rwanda ni kulima kwa leseni, kwa ajili ya dawa, tena kwa kuuza nje tu. Mvutaji wa Kigali bado anakamatwa. Sasa sema, uamuzi gani unataka kufanya?

Mpanda Mlima
Asante wakili. Si mimi hasa, ni mtu ninayemfahamu. Ameombwa nusu eka ya kukodisha, na mkodishaji hajasema wazi atapanda nini. Ndiyo maana nikauliza kwa ujumla.

Babu wa Bao
"Mtu ninayemfahamu." Huyo mtu naye ana deni la kausha damu?

Shangazi wa Usa
Mwanangu, mimi nanunua mboga huko kwenu juu, nawajua. Mkodishaji asiyesema anapanda nini hapandi spinachi. Nijibu mawili tu: shamba ni la nani, na hela umeshapokea?

Mama Wawili
Samahani nichomekee. Mwanangu wa kwanza alianza sigara kubwa akiwa kidato cha pili. Najua mtasema wapo wanaovuta na wana kazi zao, sawa. Wangu alianza kuongea na redio iliyozimwa. Tulikwenda naye Mirembe, Dodoma. Ng'ombe wawili wakauzwa, nikaacha genge langu miezi mingi, na mdogo wake akakosa ada ya mtihani. Mchumi, hiyo kodi ya kujenga shule nimeisoma. Mimi niliilipa upande huu.

Mchumi Bila Ajira
Pole sana mama. Ila hiyo ndiyo hoja yenyewe, ingekuwa halali kungekuwa na umri maalumu na leseni ya muuzaji...

Mama Wawili
Pombe ina umri maalumu. Nenda grosari yoyote jioni ukawahesabu.

Mpanda Mlima
Shangazi, nakujibu kwa heshima yako. Shamba ni la mama. Baba alifariki, limebaki kwa jina lake, mimi ndiye ninayelima. Hela nimepokea laki nane, na zote zimeenda kwenye mkopo. Jamaa ni wa mjini, mbegu analeta yeye, mavuno anakuja kuchukua mwenyewe usiku. Kazi yangu ni kutunza tu, katikati ya mahindi.

Kabla hamjaanza, nisikilizeni. Huku si mimi peke yangu. Kahawa ya babu iliuzwa bei ya hasara mpaka akaing'oa mwenyewe. Viazi vikikubali, barabara inakatika na mvua. Jani ndilo zao pekee ambalo mnunuzi anakufuata nyumbani na hela mkononi, hakuna dalali wa kukukanyagia gunia. Ni msimu mmoja tu, nafuta deni, narudi kwenye mboga. Na kama sheria ikibadilika katikati, nitakuwa nimeshapata uzoefu.

Wakili Mtaani
Uzoefu wa nini, wa gereza la Kisongo?

Sikiliza kijana. Shamba ni la mama, basi mtu wa kwanza kuulizwa ni mama. Mwenye ardhi anayeruhusu kilimo hicho naye yumo kwenye kosa. Atasema hakujua, sawa, atalisema akiwa mahabusu, na dhamana kwenye kesi hizi si kama ya kuiba kuku. Na huyo jamaa wa mjini, jina lake liko kwenye karatasi gani? Hakuna karatasi.

Mkurya wa Zamani
Mimi ni wa Tarime, na yote haya nimeyaona. Nilikuwa utingo wa Fuso ya mkaa. Siku moja kizuizini askari akachoma gunia la chini kwa fimbo ya chuma, fimbo ikatoka na harufu. Dereva akafungwa. Mwenye shamba akafuatwa kijijini, akafungwa. Tajiri mwenye mzigo alibadilisha namba ya simu, basi.

Mchumi anajua ya Colorado ila kaacha nusu. Bei ya jumla kule iliporomoka maduka yalipozagaa. Kwa nini? Kwa sababu kinacholipwa kwenye bangi si jani. Linaota tu, halidai mbolea za ajabu. Kinacholipwa ni hatari ya kulibeba, na anayelipwa hiyo hatari ni anayelivusha kizuizini, si aliyelipalilia. Ndiyo maana huko shambani linauzwa kwa bei unayoisikia na mjini kete inauzwa kwa bei nyingine kabisa. Siku likihalalishwa, hatari inaondoka, bei inashuka, na leseni anachukua mwenye mtaji. Rwanda mwenye leseni anatakiwa uzio, kamera na walinzi. Wewe una mbwa.

Mchumi Bila Ajira
Hapo kwenye bei nakubali. Lakini ndiyo sababu ya kutaka sheria imtaje mkulima mdogo, vyama vya ushirika...

Mkurya wa Zamani
Ushirika ule ule uliomlipa babu yake kahawa?

Chalii wa Ngarenaro
Wakuu mbona mnatoa machozi? HII NI CHAI, stori ya kutunga. Rudini ukurasa wa kwanza. Anasema alinunua MICHE ya karoti. Aisee, karoti haihamishwi! Unamwaga mbegu shambani, unapunguzia, basi. Ukiihamisha mizizi inajikunja kama vidole vya bibi. Huyu hajawahi kushika jembe. Ama ni mwandishi anatafuta stori, ama ni afande katega, anangoja nani ajitaje.

Babu wa Bao
Mkurya, umeshajitaja. Pole.

Mkurya wa Zamani
Nilikuwa utingo. Utingo hajui mzigo.

Mwana wa Maua
Kweli karoti haihamishwi. Hata mimi niliona, nikanyamaza kwa adabu.

Mkulima wa Kitunguu
Si kweli kabisa. Shemeji yangu Lushoto aliwahi kuhamisha, zikatoka.

Chalii wa Ngarenaro
Zilitoka karoti au zilitoka tangawizi?

Mkulima wa Kitunguu
Zilikuwa na pacha pacha, lakini zililiwa.

Mpanda Mlima
Chalii, wewe wa mjini unanifundisha karoti? Nililima vyote viwili, kabeji na karoti. Miche ilikuwa ya kabeji, ya trei, karoti nilimwaga mbegu. Nimeandika gizani kwa simu yenye kioo kilichopasuka huku mwenye mkopo ananipigia. Ningekuwa afande ningekosea karoti? Afande angeanza kuuliza majina. Mimi nimeuliza jina la nani?

Chalii wa Ngarenaro
Kabeji ulizipanda kwa nafasi gani, mstari hadi mstari?

Mpanda Mlima
Sentimita 60. Ndani ya mstari 45, maana soko linataka kichwa kikubwa. Na mbegu za karoti tulichanganya na mchanga mkavu zisimwagike nyingi mahali pamoja. Endelea.

Chalii wa Ngarenaro
Haya. Nusu chai, nusu maziwa.

Shangazi wa Usa
Muachieni. Mpanda Mlima, umetutoroka kwenye karoti na sisi tukakufuata. Mbegu za huyo jamaa zimeshaingia ardhini?

Mpanda Mlima
Bado. Mahindi ndiyo nimepanda, kwa nafasi aliyosema yeye, mapana. Mbegu ataleta mvua ikikolea. Mama juzi alipita akauliza mbona mistari imekaa mbali hivi, nikamwambia ni utaalamu mpya wa bwana shamba. Akasema bwana shamba huyo hajui njaa.

Wakili Mtaani
Basi hujatenda kosa la kulima. Una laki nane ya mtu na mahindi ya kihasara. Hilo ni deni, linazungumzika.

Mpanda Mlima
Linazungumzika na nani, wakili? Yule si mtu wa kuandikiwa barua. Na bado kausha damu wananidai riba. Mkinipa njia nyingine ya laki nane ndani ya mwezi nitaifuata, ila msiniambie "Mungu atafungua mlango" kwa sababu mlango wangu wanaugonga wao.

Mama Wawili
Mungu atafungua mlango.

Babu wa Bao
😂😂😂

Shangazi wa Usa
Hiyo nafasi pana ya mahindi panda kabeji katikati. Mimi na wenzangu wawili tunachukua shambani kwa kuhesabu vichwa, hakuna lumbesa, na nusu natanguliza ili ukamrudishie mtu wako hela, mbele ya mjumbe, useme mama amekataa kukodisha. Hapo hutakuwa umedanganya, maana utakuwa umemwambia mama kwanza. Namba yangu nakutumia pembeni. Ila sitoi hata mia kabla sijapanda huko nikaiona miche kwa macho yangu, na iwe ya kabeji.

Mkulima wa Kitunguu
Shangazi, na vitunguu unachukua?