Gari Limefunga Breki Lenyewe Njiani, Halafu Nikaambiwa Lina Akili Kuliko Mimi

Mama wa Njiro

Ndugu zangu, ninaandika huku mikono inatetemeka, na leo haitetemeki kwa woga bali kwa hasira. Nimetoka gereji saa moja iliyopita. Yule bwana mnamfahamu, kwa kuwa hakuna mwenye gari lililotumika Japani katika mji huu wa Arusha asiyemfahamu, kwa hiyo sina haja ya kumtaja. Mbele ya vijana wake sita, mmoja ameshika spana na mwingine ana chupa ya soda mdomoni, amelipigapiga gari langu boneti kama mtu anayempongeza ng'ombe wa maziwa, akacheka kicheko ambacho nina hakika kimesikika hadi Mererani, kisha akatamka: "Mama, gari hili lina akili kuliko wewe."

Lina akili kuliko mimi! Mimi niliyepata leseni mwaka 2004, niliyeendesha Hiace ya marehemu mume wangu kwenye tope la Kibosho msimu wa masika, leo nashindwa akili na bati lenye magurudumu.

Sikilizeni kilichotokea jana jioni, halafu mseme mwenye akili ni nani. Nilikuwa natoka Moshi, nimempeleka mama yangu kliniki ya macho, naye amekaa kiti cha nyuma na chupa yake ya chai pamoja na mkungu wa ndizi tulioununua Mbuyuni. Tulikuwa tumeshaipita Boma Ng'ombe lakini hatujafika njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, pale ambapo barabara imenyooka na nyasi zimekauka pande zote. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu, jua limeshuka limetukabili usoni. Nilikuwa nimewasha kruzi, ile inayopima umbali wa gari la mbele na kupunguza mwendo yenyewe, nikaiweka kilomita 80 kwa saa. Mbele yangu hapakuwa na gari, hapakuwa na mbuzi, hapakuwa hata na karatasi inayopeperuka. Nyuma yangu kulikuwa na semi iliyosheheni saruji.

Ghafla dashibodi ikawaka maandishi mekundu ya Kijapani, mkanda ukanibana kifua, na gari likafunga breki kama limeona ukuta. Chupa ya chai iliruka ikagonga kiti changu, ndizi zikamwagika chini, na mama yangu akaniuliza kwa sauti ndogo sana, "Mwanangu, umeona nini?" Sikuwa nimeona kitu. Ile semi ilipiga honi ndefu kama meli inayoondoka bandarini, ikatupita kulia kwa upana wa kiganja, na upepo wake ukalitikisa gari letu zima. Laiti upande ule kungekuwa na Coaster inayokuja, leo mngekuwa mnachangia rambirambi.

Sasa, kioo changu cha mbele kilipasuka kwa jiwe huko Kisongo, na aliyekibadilisha wiki tatu zilizopita ni huyo huyo mwenye kicheko. Jana usiku nilichukua tochi ya simu nikachungulia nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, mahali inapokaa kamera ya mfumo huu. Kamera imeshikiliwa na utepe mweusi wa mafundi umeme, ule wa kufungia nyaya, na mbele ya lenzi kuna alama ya gundi iliyokauka, nyeupe, yenye mchoro kamili wa kidole cha mtu. Ninayo picha yake. Nimemwonyesha. Hakuitazama hata kwa sekunde mbili. Aligeukia vijana wake, akacheka, akasema gari lina akili kuliko mimi.

Kijana wa Kwa Mrefu

Shikamoo mama. Pole sana, na mpe pole bibi. Huyo bwana nimemtambua kwa kicheko tu, sikuhitaji maelezo mengine. Mwaka jana alinirudishia gari taa ya injini inawaka, nikamuuliza, akajibu kwamba taa hiyo ni pambo la modeli hiyo.

Mzee wa Sanawari

Mleta mada, mimi nitakuambia ukweli hata kama utachukia. Umenunua gari la kisasa bila kusoma kitabu chake, ukawasha kitu usichokijua, na sasa unamtafuta mchawi. Wahandisi wa Japani hawakulala miaka mingi wakitengeneza mfumo ili uje kusingiziwa na mtu wa Njiro. Gari likifunga breki, limeona kitu ambacho wewe hukukiona.

Mama wa Njiro

Mzee wangu, kitabu hicho kimeandikwa Kijapani kuanzia jalada hadi jalada, na mimi Kijapani sijui. Na hicho unachosema gari limekiona, mama yangu mwenye miaka 78, aliyetoka kupimwa macho siku hiyo hiyo, hakukiona, dereva wa semi hakukiona, na mimi sikukiona. Mmeona namna mnavyozungumza? Hayo ndiyo aliyoyasema yeye, akiwa ameegemea gari langu mimi, kwenye kioo alichokiharibu yeye.

Fundi Umeme Sakina

Habari zenu. Ninafanya kazi ya umeme wa magari na ningeomba tulitenganishe tusi na tatizo, maana tatizo ni kubwa. Kamera hiyo hupima kila kitu kwa kuamini kwamba inatazama mahali ilipoelekezwa kiwandani. Ikipinda digrii moja tu, kwa kitu kilicho mita 100 mbele kosa linakuwa karibu mita 1.75, ambayo ni kama nusu ya upana wa njia yako. Mtu aliye kando ya barabara, kwa kamera hiyo, anaweza kuwa amesimama mbele yako. Ndiyo maana kioo kikibadilishwa ni lazima kamera ilengwe upya kwa ubao maalumu na kompyuta, kwenye sakafu iliyo sawa. Utepe haulengi kamera. Ongeza jua la jioni linaloingia moja kwa moja kwenye lenzi yenye gundi, na sishangai hata kidogo kwamba gari liliona kisichokuwapo.

Mzee wa Sanawari, breki za uongo si hadithi za Njiro. Februari 2022 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilifungua uchunguzi juu ya Tesla Model 3 na Model Y za 2021 na 2022, magari yapatayo 416,000, baada ya kupokea malalamiko 354 katika miezi tisa ya magari kufunga breki bila sababu. Na chama cha wenye magari cha huko huko, AAA, kilipojaribu mifumo ya kusaidia madereva mwaka 2020 kiliona kasoro kwa wastani kila maili 8, ambazo ni kilomita 13 hivi. Ni kama kutoka Tengeru hadi mjini. Hizo ni barabara zenye mistari inayoonekana.

Mzee wa Sanawari

Hao ni Wamarekani na magari ya umeme. Gari la Japani ni gari la Japani.

Mchaga wa Majengo

Poleni wana Arusha, ila haya ndiyo matokeo ya kuwa na gereji nyingi na mafundi wachache. Mngeleta magari Moshi. Hata hivyo, mama, shida yako ni ndogo ukilinganisha na yangu. Langu lina ule mfumo wa kukurudisha katikati ya mistari. Juzi nakaribia daraja la Kikafu, bodaboda mwenye magunia mawili ya mkaa amenijia pembeni, nikavuta usukani kulia kumkwepa, nao usukani ukanivuta kurudi kushoto kwa sababu nilikuwa navuka mstari bila kuwasha indiketa! Nilipigana na gari langu mwenyewe kama napigana na mwizi. Yule bodaboda alinitukana matusi ambayo sijayasikia tangu niache kucheza mpira.

Dereva wa Usa River

Mchaga, angalau lako liliiona mistari. Langu likiingia sehemu ambayo rangi imefutika linapiga kelele hadi Maji ya Chai. Na mbona hakuna anayezungumzia matuta? Kruzi haijui tuta. Gari la mbele likishuka kando kuchukua abiria, langu linaona njia nyeupe, linakanyaga mafuta kuurudia mwendo niliouweka, na tuta liko mita 30 mbele. Nimebadilisha shokapu mbili za mbele kwa kosa hilo. Nani atanilipa shokapu zangu?

Mama wa Njiro

Nawapa pole wote, lakini nawaomba mrudi kwenye jambo langu. Mimi sijaja kulalamikia shokapu. Mtu amefunga kamera kwa utepe, amenirudishia gari akijua nitambeba mama yangu ndani yake, na nilipokwenda kumwonyesha alama ya kidole, ambayo nina hakika ni ya kwake, alinicheka mbele ya watoto wanaoweza kuwa wajukuu wangu. Yule wa soda alicheka hadi soda ikamtoka puani. Lina akili kuliko wewe! Usiku kucha nitakuwa nayasikia maneno hayo.

Kijana wa Kwa Mrefu

Mama, tulia kwanza. Je, alikulipisha kioo cha kiwandani au kile cha kuigiza? Maana mimi alinilipisha cha kiwandani na nilipofika Dar es Salaam nikaambiwa ni cha kuigiza.

Fundi Umeme Sakina

Swali zuri. Kioo ambacho unene wake haulingani, au ambacho hakina kishikio sahihi cha kamera, huipotosha picha hata kama kamera imelengwa vizuri. Mama, kwa sasa usiwashe kruzi kabisa, na ule mfumo wa breki za dharura, unaofunga breki wenyewe, uzime hadi kamera itakapolengwa, maana ukizima kruzi peke yake breki hizo zinabaki kazini na zinatumia kamera ile ile. Kuzimwa kwake nako ni hasara, kwa sababu kikifanya kazi sawasawa ni kitu kinachookoa watu. Umoja wa Ulaya umekilazimisha kwa kila gari jipya linalouzwa huko tangu Julai 2024.

Na nyote mnaoiamini kruzi hiyo usiku, nisikilizeni. Rada iliyoko mbele ya gari hufuatilia vizuri vitu vinavyotembea. Kwa mwendo mkubwa, vitu vilivyosimama hupuuzwa mara nyingi kwa makusudi, kwa sababu bila hivyo gari lingefunga breki kwa kila kibao na kila daraja. Watengenezaji wenyewe wanaandika kwenye vitabu vyao kwamba mfumo unaweza usilione gari lililosimama. Sasa fikirieni Fuso limekatika ekseli gizani, halina taa, halina kiakisi, dereva amekata matawi ya miti akayaweka barabarani. Wewe binadamu ukiona majani tu unajua mbele kuna lori bovu. Gari lako halijui maana ya majani.

Dereva wa Usa River

Hapo kwenye majani umenikumbusha jambo linalonikera kuliko yote. Wanatengeneza lori, wanaondoka, matawi wanayaacha!

Mchaga wa Majengo

Afadhali matawi. Wa kwetu wanaweka mawe, tena makubwa ya kufunga tairi, na wakiondoka wanayaacha katikati ya lami. Mwezi uliopita, karibu na Weruweru, nilikuwa na kruzi, gari likayapanda mawe hayo bila kupunguza hata kilomita moja. Rimu imepinda, sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, imepasuka, oili yote imemwagika.

Mzee wa Sanawari

Hapo nakuunga mkono. Wenye malori wanaoacha mawe barabarani wakamatwe. Mimi jiwe lilinipasulia tairi mbili kwa mpigo pale Kikatiti, saa nne za usiku, nikiwa na mke wangu.

Mama wa Njiro

Mzee wangu, nakupa pole ya tairi zako. Ila bado hujanijibu kuhusu kamera na utepe.

Dereva wa Usa River

Mchaga, hiyo sampo ulitengenezea wapi? Yangu inavuja tangu lile tuta la pili, na gereji niliyoizoea ni ya yule yule bwana.

Mchaga wa Majengo

Nilitengenezea Moshi, nyuma ya stendi, kijana mmoja mtaratibu sana. Aliichomelea mchana mmoja, na hadi leo haijatoa hata tone. Njoo Jumamosi kabla ya saa nne, baada ya hapo foleni inakuwa ndefu, na uje na oili yako mwenyewe.