Gumzo la familia: Ni nani aliyemsaliti Sauli?

Baba Mkubwa: Salamu kwenu nyote. Nimemaliza kusoma 1 Samweli 22 kama tulivyokubaliana. Kabla hatujaenda mbali, naomba kila mmoja ajibu swali moja, na ajibu kwa maandishi, kwa sababu sauti mlizorekodi wiki iliyopita zilinishinda kuzifuatilia. Katika sura hii, ni nani aliyemsaliti mfalme Sauli?

Kaka: Shikamoo, Baba Mkubwa. Mimi nasema ni Yonathani. Alikuwa mrithi wa kiti, lakini alimvulia Daudi joho lake, akampa upanga, upinde na mshipi, kisha akamsaidia kutoroka. Sauli mwenyewe, akiwa ameketi chini ya mti huko Gibea na mkuki mkononi, anawalalamikia Wabenyamini wenzake kwamba hakuna aliyemfunulia kuwa mwanawe amefanya agano na mwana wa Yese. Tukiweka kando mapenzi yetu kwa Daudi, huo ulikuwa usaliti.

Shangazi: Mwanangu, umeupokea ushahidi wa Sauli upesi mno. Yonathani huyo alirushiwa mkuki na baba yake wakiwa mezani, akaondoka kwa hasira bila kula, na bado hakuihama nyumba ile. Baadaye alimfuata Daudi nyikani Zifu, akamtia nguvu, wakafanya agano tena, kisha Daudi akabaki msituni naye akarudi kwake. Daudi alikuwa na watu wapatao 600, na nafasi ya Yonathani ilikuwapo. Badala yake alikwenda kufa Gilboa, vitani pamoja na baba aliyetaka kumuua. Msaliti wa namna gani huyo?

Mimi: Shikamooni wazazi wangu. Mimi nimekwama kwa Doegi Mwedomi, msimamizi wa wachungaji wa mfalme. Nimeisoma mara tatu taarifa aliyompa Sauli kuhusu Daudi, na sioni uongo ndani yake. Ahimeleki kuhani alimpa Daudi chakula, na upanga wa Goliathi alimpa. Lakini aliacha jambo moja, kwamba Daudi alimdanganya kuhani akidai ametumwa na mfalme kwa shughuli ya siri. Jambo hilo peke yake lingeiokoa Nobu yote, mji wa kuhani huyo, isiangamizwe. Zaburi 52, ambayo utangulizi wake unamtaja Doegi, inaufananisha ulimi na wembe mkali na kuuita wa hila, ingawa alichokisema kilikuwa kweli.

Shangazi: Marahaba, mwanangu. Hapo umegusa penyewe. Ongeza kwamba Ahimeleki ndiye aliyethubutu kumwambia mfalme usoni kwamba hakuna mtumishi mwaminifu kama Daudi, mkwewe mfalme. Hakujua kwamba jina hilo lilikuwa limegeuka sumu nyumbani mule. Mtu asiye na hatia huzungumza wazi, na uwazi wake ndio unaomponza.

Dada: Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa nikiwalaza watoto. Nimeona jambo linalonitisha. Katika sura ya 15 Sauli aliamriwa kuwaangamiza Waamaleki na mifugo yao, akamhifadhi mfalme Agagi na kondoo walionona. Huku Nobu, mji wa makuhani wa Mungu wake, wanauawa wanaume, wanawake, watoto wanyonyao, ng'ombe, punda na kondoo. Ukali alioukosa kwa adui aliupata kwa watu wake.

Baba Mkubwa: Marahaba, wanangu. Sasa niwaeleze kwa nini niliuliza. Nimewatazama wale walinzi waliosimama kando ya mfalme. Sauli aliwaamuru wawaue makuhani, nao hawakukubali kunyoosha mikono yao. Nikarudi nyuma, sura ya 14, nikakuta Sauli akitaka kumuua Yonathani kwa sababu ya asali aliyoionja bila kujua kiapo cha baba yake, nalo jeshi likamzuia mfalme na kumkomboa kijana. Nikaenda mbele, sura ya 31, nikamkuta mchukua silaha wake, aliyeombwa amchome upanga, naye akakataa kwa kuogopa sana, kisha mfalme alipokufa akauangukia upanga wake na kufa pamoja naye. Mara tatu watu wake wa karibu kabisa walimkatalia, na katika mara zote tatu sioni chuki kwa mfalme. Aliyemtii bila kusita siku ile ya Nobu ni Doegi, na utii wake ulimwachia Sauli ufalme usio na makuhani, kwani Abiathari, mwana wa Ahimeleki aliyesalimika, alikimbilia kwa Daudi. Mimi nasema msaliti ni yule aliyetii.

Kaka: Nakuelewa, Baba Mkubwa, lakini naomba kupinga kidogo. Walinzi walikataa kuua, ila hatusomi kwamba walisimama mbele ya upanga wa Doegi. Makuhani 85 waliuawa wao wakitazama. Jeshi la sura ya 14 lilimkomboa Yonathani, lakini hawa walihifadhi mikono yao tu. Siwezi kuwapa sifa sawa.

Baba Mkubwa: Hapo umenishika, na sitajitetea. Nilikuwa nimewaweka katika fungu moja kwa haraka.

Mjomba: Hamjambo nyote, na shikamoo, shemeji. Nilikuwa nasoma kimya. Mmezungumzia ikulu tu, na mimi naona uaminifu wa kweli kwa Sauli ulikuwa mbali na ikulu, ng'ambo ya Yordani, kwa watu wa Yabesh-gileadi. Mwanzoni mwa ufalme wake Nahashi Mwamoni alitaka kuwang'oa kila mmoja jicho la kuume, wazee wakaomba muda wa siku saba, na Sauli akawaokoa. Miaka ikapita, mfalme akaharibika, akafa, Wafilisti wakautundika mwili wake ukutani Beth-shani. Mashujaa wa Yabeshi wakatembea usiku kucha, wakaushusha pamoja na miili ya wanawe, wakaizika mifupa yao chini ya mti na kufunga siku saba. Kiebrania kinautaja mti huo kwa neno lile lile, eshel, linalotumika kwa ule mti wa Gibea ambao Kaka ameutaja.

Mimi: Shikamoo, Mjomba. Kwa nini wao, na si kabila lake?

Mjomba: Marahaba. Soma Waamuzi 21. Wabenyamini, kabila la Sauli, walipobaki bila wake baada ya vita, walipewa wasichana 400 kutoka Yabesh-gileadi. Huenda basi waliokwenda kumshusha Sauli ukutani walikuwa wajomba zake. Msinione navutia kwangu, ila jambo hili halinishangazi hata kidogo.

Shangazi: Shemeji, unavutia kwako, lakini leo tunakuruhusu.

Dada: Na mtazame Daudi anavyowajibu katika 2 Samweli 2. Anawabariki kwa wema waliomtendea bwana wao, kisha katika ujumbe huo huo anawakumbusha kwamba Sauli amekufa na kwamba nyumba ya Yuda imemtia yeye mafuta. Ni rambirambi yenye ombi ndani yake. Jibu la Wayabeshi halikuandikwa.

Baba Mkubwa: Wiki ijayo basi tusome 2 Samweli 21, habari za Rispa, suria wa Sauli, aliyetandika nguo ya gunia juu ya mwamba na kuwafukuza ndege na wanyama wasiiguse miili ya wanawe, tangu mwanzo wa mavuno hadi mvua iliponyesha. Daudi aliposikia habari zake ndipo alipokwenda kuichukua ile mifupa kwa watu wa Yabeshi. Dada, utatuongoza wewe.

Dada: Nitaongoza, Baba Mkubwa. Nawaomba tu msome pia mistari ya mwanzo, inayoeleza ni nani aliyewatoa wanawe wauawe.